SEVA KUHAMA HUKU INAPIGA KAZI: KWENDA RUKSA, KURUDI JE?

Leo tuongelee ishu moja ambayo kwenye magazeti yetu huwezi kuikuta, lakini imekuwa ikiwanyima usingizi watu wa IT dunia nzima tangu mwishoni mwa 2023 na bado haijaisha.

Kifupi ni hivi. Tarehe 2 Oktoba 2025 toleo la 7 la vSphere, ile programu ya VMware inayoendesha seva kwenye mabenki, mahospitali na makampuni makubwa, lilifikia mwisho wa kuhudumiwa kwa kawaida. Na VMware yenyewe siyo ile mliyoizoea. Broadcom ya Marekani ilikamilisha kuinunua Novemba 2023, mpango wa dola bilioni 69, na mwezi uliofuata tu ikafuta leseni za kununua mara moja na kutumia milele. Sasa unalipia kwa kipindi, kama king'amuzi. Usipolipia, huduma hamna.

Kwa hiyo wenye seva wana njia mbili. Wapande toleo la 8 hukohuko kwa mwenye nyumba yuleyule, au wafungashe virago waende kwingine. Zote mbili watu wanaziita kuhama, lakini hazifanani hata kidogo. Ya kwanza unahama taa zikiwa zinawaka. Ya pili lazima uzime. Na hata hiyo ya kwanza ina mtego wake, na huo mtego ndio ulionifanya nikae chini niandike.

Kwa wasioijua hii kitu, tuanzie chini kabisa. Seva moja ya chuma yenye memori ya kutosha inawekewa programu inayoigawa iwe kama kompyuta ishirini. Kila moja ya hizo ishirini, tuziite mashine pepe, inajiona ni kompyuta kamili: ina Windows au Linux yake, ina diski yake, ina kadi yake ya mtandao. Kumbe kadi yenyewe haipo! Ni programu tu inaigiza kuwa kadi.

Sasa uzuri wa kitu kisicho na chuma ni kwamba unaweza kukibeba. VMware walianza kuuza ujanja huo mwaka 2003, wakauita VMotion. Mwaka 2005 watafiti wa Cambridge na Copenhagen waliokuwa wakitumia programu inayoitwa Xen wakaonyesha wanavyoihamisha seva ya gemu la Quake 3 kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, wachezaji wakiwa ndani wanatwangana risasi. Seva ilisimama milisekunde 60. Kupepesa jicho kunachukua muda mrefu kuliko huo.

Inavyofanyika: memori ya mashine inanakiliwa kwenda upande wa pili huku mashine inaendelea na kazi. Ikimaliza, zile sehemu zilizobadilika wakati wa kunakili zinanakiliwa tena, halafu tena, mpaka kinachobaki ni kidogo sana. Hapo inasimamishwa kufumba na kufumbua, kilichobaki kinatumwa pamoja na hali ya prosesa na hali ya kila kifaa, halafu inaamka upande wa pili wala haijui kama imehama. Diski kwa kawaida haiguswi, inakuwa sehemu ambayo seva zote mbili zinaifikia.

Kuna atakayeuliza, kwani ukizima na kuwasha kuna ubaya gani? Dakika tano tu. Haya, kaulize Amazon. Septemba 2014 kuligundulika tundu la usalama ndani ya Xen, ambayo wakati ule ndiyo ilikuwa inabeba klaudi yao. Ilibidi kuziba kabla habari haijatoka hadharani tarehe 1 Oktoba. Kwa siku chache wakazima na kuwasha karibu asilimia 10 ya seva zao zinazokodishwa, na wateja walipewa taarifa ya muda mfupi tu. Google, ambao mwishoni mwa 2013 walikuwa wameshaanza kuhamisha mashine za wateja zikiwa hai, walikuwa wanautangaza uwezo huo kama silaha yao: seva ya chuma inatibiwa, mteja hana habari.

Na hapo ndipo panapozaliwa neno MATOLEO. Mara nyingi sababu ya kuhamisha ni kwamba programu ya huku ni ya zamani na ya kule ni mpya. Unamtoa mpangaji kwenye nyumba ya zamani unampeleka kwenye nyumba iliyokarabatiwa, halafu unataka akifika akute kitanda palepale, swichi ya taa palepale, hata ule mlango unaolia ulie vilevile.

Wanaokumbuka miaka ya 2007 na 2008 watanielewa fasta. Unaandika barua ya maombi ya kazi kwa Word mpya, unaisevu, unakwenda kafe ku-print, unakuta kompyuta ina Word 2003. Faili haifunguki. Toleo jipya lilikuwa linasoma mafaili ya zamani bila shida, ila la zamani halikujua lifanye nini na faili jipya mpaka liwekewe kiongezeo. Kwenda kupo, kurudi hamna. Lakini barua ni karatasi, imetulia. Mashine pepe inayohama iko hai, ina watu ndani wanatuma hela. Toleo jipya likisoma vibaya herufi moja ya hali yake, mashine inaganda au inaharibu data za watu.

Tuchukue mfano wa QEMU, programu aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. Ikiunganishwa na KVM, ambayo iliingia ndani ya Linux mwaka 2007, hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya zile VPS za bei poa mnazonunua mtandaoni. Nimechagua QEMU kwa sababu mambo yake yote yako wazi, hata madudu yao wanayaandika kwenye nyaraka zao wenyewe. Makampuni mengine huwezi kujua kilichotokea chumbani.

QEMU wanatumia mbinu ya kujifanya. Kila toleo likitoka, linakuja na aina ya mashine yenye namba yake. Mashine iliyowashwa kama aina ya 7.2 inabaki aina ya 7.2 maisha yake yote hadi izimwe, na ukiipeleka kwenye QEMU 8.0, basi ile 8.0 inatakiwa ijifanye ni 7.2 kwa kila kitu anachokiona mpangaji. Kila badiliko jipya linawekewa swichi: kwa aina mpya washa, kwa aina za zamani zima. Na kujifanya huku kunakwenda mbali kinoma. Ile aina ya mashine ya kawaida ya QEMU inaigiza chipu za Intel 440FX za mwaka 1996. Enzi za Pentium Pro jamani! Kuna wasomaji wa hapa hawakuwa wamezaliwa.

Sasa sikilizeni kisa. Aprili 2023 QEMU 8.0 inatoka. Ndani yake kuna badiliko dogo kabisa, la heri tupu: rejista moja ya vifaa vya PCI Express, ile inayosema makosa gani yafichwe, ilirekebishwa ifanye kazi jinsi kanuni zinavyotaka. Aliyeandika hakuwa na kosa kwenye kazi yenyewe. Kilichosahaulika ni ile swichi. Hakuna aliyesema kwamba ukiwa unajifanya 7.2, rejista hiyo ibaki ilivyokuwa.

Matokeo yake, kutoka 7.2 kwenda 7.2 sawa. Kutoka 8.0 kwenda 8.0 sawa. Kutoka 7.2 kwenda 8.0, inagoma. Kurudi kutoka 8.0 kwenda 7.2, inagoma pia. Kwa jina mashine ni ileile, aina ya 7.2, lakini pande mbili hazikubaliani namna kifaa kinavyoonekana. Na ukipima kila toleo lenyewe kwa lenyewe, huoni kitu!

Tundu likazibwa, swichi ikawekwa. Watu wakashangilia? Hapana, maana kuziba kwenyewe kukaleta mtihani mwingine. Kuna waliokuwa wameshawasha mashine za aina ya 7.2 ndani ya QEMU 8.0, swichi ikiwa haipo, rejista imeshabadilika. Ukiihamishia mashine hiyo kwenye toleo lililorekebishwa, linakataa, kwa sababu sasa linatarajia rejista ya zamani. Yaani una mashine mbili zenye jina la aina moja, moja ilizaliwa kwenye nyumba ya 7.2 na nyingine kwenye nyumba ya 8.0, na hakuna programu inayoweza kukutofautishia. Msimamizi mwenyewe ndiye anatakiwa akumbuke ipi iliwashwa wapi, na kwa ile ya 8.0 aiwashe swichi kwa mkono. Hebu fikiria una mashine elfu tatu.

Mwaka 2024 mradi ukaongeza kipimo cha kuhamisha kati ya toleo jipya na lililotangulia. Safari hii wamekomaa, au siyo? Aprili mwaka huohuo toleo 9.0 likatoka, na kadi ya picha pepe ikavunja uhamaji kati yake na matoleo ya kabla. Marekebisho yakafuata. Siwacheki, maana angalau uhamaji wa QEMU ukigundua mambo hayaendani, unakataa, na mashine inaendelea kuishi ilipokuwa. Kukataa ni afadhali mara mia kuliko kukubali kisha kuharibu. Ila ona jinsi kazi ilivyo ngumu: mamia ya vifaa vya kuigiza, kila kimoja kina historia yake, na mtu mmoja akisahau mstari mmoja habari imekwisha.

Sasa nirudi kwenye ule mtego niliousema. Watu wengi wanapopima uhamaji wanapima kwenda, toleo la zamani kuelekea jipya. Kurudi wanakuchukulia poa. Lakini kaa na fikra hii. Una seva ishirini, unazipandisha toleo moja baada ya nyingine usiku. Seva ya kwanza safi, ya pili safi. Saa tisa usiku ya tatu inaanza kuleta vituko, kadi ya diski inakatika katika kwenye toleo jipya. Unataka urudishe mashine za watu kwenye zile kumi na saba za zamani. Kama kurudi hakupo, umebanwa: uache mashine za watu kwenye seva mgonjwa, au uzime. Na ulishamwambia bosi kwamba hamna kuzima!

Kwa maoni yangu kurudi ndiyo kipimo cha kweli. Kampuni inayokuambia inahamisha bila kuzima, muulize swali moja: nikifika toleo jipya nikakuta balaa, nitarudi nikiwa hai? Akianza longolongo, ujue.

VMware nao wana la kwao hapa, na ni la sasa hivi. Kila mashine pepe kwao ina namba ya toleo la vifaa. Toleo la 8.0 lilikuja na namba 20. Mashine iliyotoka kwenye 7 ikiwa na namba ya chini inaweza kuhamia kwenye 8, na ukiiacha na namba yake ya zamani inaweza kurudi. Lakini kuna kile kitufe cha kupandisha namba. Ukishakibonyeza ikawa 20, seva za 7 haziwezi kuiwasha tena. Kibaya zaidi kitufe kinavutia, maana programu inakukumbusha kwamba mashine yako ina vifaa vya zamani, na mtu anayependa kuona kila kitu kipya anabonyeza. Ushauri wangu kwa anayefanya field au ndio kwanza ameajiriwa: usikiguse mpaka seva zote ziwe zimepanda na wiki kadhaa zimepita kwa amani.

Tatizo lingine ni prosesa, na hili programu haina kosa. Agosti 2014 Intel walitangaza kasoro kwenye kipengele kinachoitwa TSX ndani ya prosesa zao za Haswell, dawa ikawa ni kukizima. Mashine pepe iliyokuwa imeshawaka ikiwa imeambiwa kipengele kipo haiwezi kuhamishiwa kwenye seva ambayo kimezimwa. Ni sawa na kumng'oa mtu jino akiwa anakula. Mpaka leo QEMU ina aina mbili za Haswell, yenye TSX na isiyo nayo, sababu ni hiyo.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani natetea kwamba kila toleo jipya libebe ya zamani milele. Hapana. Kubeba kuna gharama, na bili ililetwa Mei 2015. Tundu lililopewa jina la VENOM liligunduliwa ndani ya msimbo wa QEMU unaoigiza kiendeshi cha flopi. FLOPI! Msimbo ulikuwa humo tangu 2004, ukaenda mpaka Xen, KVM na VirtualBox. Aliyekuwa ndani ya mashine pepe moja angeweza kutoka nje, akaingia kwenye seva mama na kwa majirani zake. Na kichekesho ni kwamba kwenye mifumo mingine hata ukiondoa flopi kwenye mipangilio yako, ule msimbo ulikuwa unabaki hai. Mwaka 2015 nani alikuwa anatumia flopi? Lakini ilikuwepo, kwa sababu ukiigiza kompyuta ya 1996 lazima uigize na flopi yake.

Ndio maana nawaunga mkono QEMU kwa uamuzi wao wa mwaka 2024. Waliweka kanuni kwamba aina ya mashine ikifikisha miaka 3 inawekwa kwenye orodha ya zinazoachwa, na ikifikisha 6 inaondolewa. Kuna waliolalamika na wana hoja, kwa sababu jina la aina linaandikwa kwenye mipangilio ya mashine, hata ukizima na kuwasha linabaki lilelile. Mashine iliyotengenezwa miaka saba iliyopita na kusahaulika inaweza siku moja kukataa kuwaka baada ya seva kupandishwa. Red Hat na Ubuntu wana aina zao za mashine zenye majina yao, kwa hiyo wateja wao wanafuata kalenda nyingine. Lakini kanuni yenyewe ni ya haki: imetangazwa, ina miaka, kila mtu anaiona. Miaka sita ya kujipanga ni mingi. Tofautisha na kuamka asubuhi ukaambiwa leseni uliyoinunua haiuzwi tena.

Na hapo turudi kwa Broadcom. Kwa nini watu hawaondoki tu? Mwaka 2024 AT&T, kampuni kubwa ya simu ya Marekani, iliipeleka Broadcom mahakamani. Hati za kesi zilitaja mashine pepe kama 75,000 kwenye seva kama 8,600, na AT&T ilidai imepewa ofa yenye ongezeko la asilimia 1,050 kwa mwaka. Novemba mwaka huo wakamalizana nje ya mahakama. Mwaka 2025 Tesco, wale wenye masupamaketi Uingereza, nao wakafungua kesi wakidai angalau pauni milioni 100. Hawa siyo watoto. Wana hela, wana mainjinia. Mbona wamekwama?

Wamekwama kwa sababu uhamaji wa bila kuzima unafanya kazi ndani ya familia moja tu. VMware kwenda VMware, QEMU kwenda QEMU. Kutoka VMware kwenda KVM hamna lugha ya pamoja ya kuandika hali ya mashine iliyo hai. Vifaa vinavyoigizwa ni vingine kabisa: huku kadi ya mtandao ya aina hii, kule ya aina ile. Diski unaweza kuibadilisha umbo, zana zipo, na tangu 2024 Proxmox ya Austria wana zana yao ya kuvuta mashine kutoka VMware ambayo watu wengi wameikimbilia. Lakini lazima kuna muda unazima, unaweka madereva mapya, unawasha, unaomba Mungu. Fanya hivyo mara 75,000, kila mashine na mwenyewe anayetaka apangiwe usiku wake.

Ona ilivyotokea. Miaka ishirini watu walihama toleo hadi toleo ndani ya nyumba moja bila kuzima hata taa, na kila walipohama kirahisi ndivyo walivyosahau namna ya kuzima. Mashine zikakaa miaka bila kuguswa, aliyeziweka akahama kazi. Mwenye nyumba akabadilika, kodi ikapanda, ndipo wanagundua hakuna anayejua zikizimwa kama zitawaka.

Mdau unayesoma hii kafe, dakika zako zinakwisha, najua. Kama una VPS yako, hata ile ndogo ya blogu, izime na uiwashe kwa mapenzi yako mara moja moja, usiku watu wakiwa wamelala, uone kama kila kitu kinaamka chenyewe. Na kama unajifunza KVM kwenye kompyuta ya kuungaunga nyumbani, fungua mipangilio ya mashine yako utafute mstari wenye neno machine. Ukikuta namba inayoanza na 2, hiyo ni aina ya 2018 au kabla ya hapo, imeshapita ile miaka sita. Nakili diski yake kwanza, kisha panga usiku wa kuizima na kuibadilishia aina kabla hujapandisha toleo la QEMU, maana ukipandisha kwanza inaweza isiwake kabisa.

Nawasilisha.